Jirani Aliyekata Kahawa Yake

Jirani yangu wa upande wa juu hakai kwenye kiti chenye mgongo. Nimeishi chini ya shamba lake hapa Ihanda kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimemwona amekaa juu ya kigoda, juu ya debe lililopinduliwa, juu ya gunia la maharage, na mara moja juu ya jiwe la kunolea panga wakati wazee wakizungumza posa ya binti yake, lakini kiti chenye mgongo hapana. Viti vipo sebuleni kwake, sita, vimefunikwa vitambaa alivyofuma mwenyewe. Ni vya wageni. Ukimwuliza kwa nini yeye havikalii, anasema kiti cha namna ile kinamfanya mtu aanze kufikiria mambo yasiyomhusu.

Jina lake sitalitaja. Watu humwita mama wa fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, nami nikiliandika hilo kila mtu kuanzia hapa mpaka Vwawa atajua ni nani, na yeye atajua aliyeandika ni mimi. Nitamwita Jirani. Yeye ananiita Mwalimu, ingawa sijawahi kufundisha popote na shule yangu iliishia darasa la saba. Alianza kuniita hivyo siku aliyonikuta nasoma kijitabu cha kilimo cha kahawa nikiwa nimesimama katikati ya kahawa. Alicheka mpaka akachuchumaa. "Si uiulize yenyewe?" alisema, akionyesha mbuni uliokuwa unanigusa sikio. "Hiyo hapo."

Jambo moja lijulikane mapema, kwa sababu mengine yote yanalizunguka. Tangu mume wake afariki, watoto wake wanataka ahame hapa, aende Tunduma kwa mwanawe mkubwa, akapumzike. Yeye hataki. Kwa miaka sita hakuwahi kumwambia mtu yeyote kwamba hataki. Nitaeleza alifanya nini badala yake, lakini kwanza lazima nieleze ni mtu wa namna gani.

Kazi yake haina pa kuanzia. Nikiamka yeye ameshafagia. Nikienda kisimani yeye amesharudi. Wakati wa mavuno huchuma kahawa zilizoiva tu, moja moja, kwa vidole viwili, na ukimsaidia huku unachanganya na za kijani hatakwambia kitu. Atazitoa za kijani kwenye ndoo yako zote na kuzipanga kwenye jani la mgomba mbele yako, taratibu, mpaka uone aibu. Kahawa ikishamenywa na kuoshwa, anaianika kwenye vichanja na kuigeuza kutwa nzima. Jua likiwa kali anaifunika. Wingu likitokea anaifunika. Akipita mtu asiyempenda anaifunika pia, na hajawahi kueleza sababu.

Kwake yeye hakuna mzigo mkubwa. Gunia la mahindi kichwani ni "kidogo tu." Kuni za wiki nzima ni kidogo tu. Ugali anaokuwekea, ambao nikiwa nimekaa siwezi kumwona mtu aliye upande wa pili wa sahani, nao ni kidogo tu. Lakini akikukuta wewe umebeba ndoo mbili atakupigia kelele kutoka juu ya kilima kwamba unajiua, pumzika, una watoto. Nilimwambia kwamba maneno hayo angejiambia mwenyewe. Akasema yeye watoto wake ni wakubwa.

Ana watoto wanne, na shamba la kahawa amelikata sehemu nne kwa mistari ya majani ya malisho, sehemu moja kwa kila mtoto. Walipokuwa shule, kila mtoto alisomeshwa na sehemu yake. Shule zilipokwisha, sehemu zilibaki na majina, na Jirani akazipa kazi nyingine. Mtoto asipopiga simu, sehemu yake haipaliliwi.

Mwanzoni sikuelewa. Niliona sehemu tatu safi kama ua wa kanisa, na ya nne imejaa majani mpaka magotini, nikadhani amechoka. Nikajitolea kumsaidia.

"Acha," alisema. "Hayo ni ya binti yangu wa Vwawa. Wiki ya tatu hii."

"Amesafiri?"

"Ana simu mbili. Kwa hiyo majani yatakuwa mara mbili."

Shamba lake liko juu ya njia, kila apitaye analiona. Baada ya muda kijiji kizima kilijua kulisoma. Mtu anatoka kununua sabuni dukani, anatazama juu, anasema, "Leo kwa kijana wa Mbeya kumeota." Taarifa inafika Mbeya kabla ya jioni, kwa sababu kila kijiji kina mtu ambaye hawezi kuiacha taarifa ikae. Simu inapigwa. Jirani anaipokea akiwa katikati ya majani, anajibu kwa sauti ya upole kwamba yeye ni mzima, hana shida, hakuwa hata akiwaza simu. Kisha anachukua jembe.

Nimefuatilia jambo hili kwa uangalifu, na lazima niseme kwamba hajawahi kufikisha wiki ya nne. Ikifika hapo anapalilia mwenyewe, simu ikiwa imepigwa au haijapigwa, ila anapalilia jua likiwa limeshaanza kuzama, akidhani hatuoni.

Kutuma mizigo ndio ugonjwa wake mwingine. Mwanawe mkubwa anauza vipuri vya malori Tunduma, mahali ambapo maharage yanauzwa kwa malori. Bado anamtumia maharage. Anayachagua, anayafunga kwenye mfuko, anashuka nayo hadi barabara kuu ya Nanyala, anamkabidhi kondakta na kumpa maelekezo marefu kana kwamba anamkabidhi mtoto. Siku moja nilikuwepo mwanawe alipopiga simu kulalamika.

"Mama, huku maharage yamejaa. Mlangoni kwangu kuna magunia."

"Najua."

"Sasa kwa nini unahangaika?"

"Hayo ya mlangoni kwako hayajui unapenda yapi," alisema, akakata simu, akaanza kuchagua mengine.

Watu humwona mama wa shamba, mnyamavu, kanga begani, wakadhani hana habari. Yeye huwaacha wadhani. Zamani, dada yake akiwa ameolewa Nakonde, alikuwa akivuka mpaka mara kwa mara kwenda kumwona, na Kibemba alikiokota huko kidogo kidogo. Hakumwambia mtu. Mwaka mmoja tulikwenda pamoja soko la Tunduma, yeye na maharage yake, mimi na vitunguu vyangu. Walikuja akina mama wawili wa Zambia, wakayashika maharage, wakaanza kushauriana kwa Kibemba mbele yake, kama alivyonitafsiria baadaye: haya ni mazuri, tumtajie bei ya chini, lakini akikaza tutafika mpaka pale. Jirani alikuwa anatazama nzi. Walipomgeukia na kutaja bei ya chini, aliwaza kwa muda, akahesabu vidole kama mtu asiye na hakika, kisha akataja ileile ya "mpaka pale," bila kuzidisha wala kupunguza. Wakatazamana. Wakalipa. Alipowafungia mzigo aliwainamia kwa heshima na kusema, "Natotela mukwai," yaani asante sana, kwa lafudhi ambayo ningeapa ni ya Kasama, kwao Wabemba wenyewe. Mmoja wao alicheka mpaka akamkumbatia. Mwingine hakucheka.

Kanisani anakaa benchi la pili, kwenye nguzo. Ni mama wa maombi, mweka maua, mtu wa kutegemewa, na analala. Halali ovyo. Mchungaji akisema "jambo la kwanza," anasikiliza. Akisema "jambo la pili," anaegemea nguzo. Nilipomtania alijibu kwamba Mungu alipumzika siku ya saba na hakuna aliyemwamsha.

Sasa nifike kwenye uongo, kwa sababu hapo ndipo ninapomshindwa. Jirani hapendi uongo. Mwanawe mkubwa aliwahi kuchapwa, akiwa mdogo, kwa kusema amenawa wakati hajanawa, na akachapwa tena kwa kwenda kunawa baadaye ili kauli yake iwe kweli. Binti yake wa mwisho alisema amekula kumbe hajala, na hilo nalo likawa kosa. Katika nyumba ile ukweli ulikuwa kitu cha lazima, kama chumvi. Na mwanamke huyohuyo aliwadanganya watoto wake wote wanne kwa miaka sita mfululizo, kwa msumeno.

Mume wake alifariki msimu wa kupanda. Arobaini ilipopita, mwanawe mkubwa alikuja, akakaa kwenye kimoja cha vile viti sita, akasema chumba kiko tayari Tunduma, kina vigae, kina dirisha la kioo, yeye aje tu. Jirani alimshukuru. Alisema atakwenda, bila shaka atakwenda, ila jana tu amekata kahawa.

Kwa asiyejua: mbuni ukizeeka matawi yanakuwa marefu na matunda machache. Unaukata chini, usawa wa goti, kwa mshazari ili maji yasikae juu ya kisiki. Kisiki kinachipua machipukizi mengi. Unachagua mawili au matatu yenye nguvu, mengine unayaondoa, na unaendelea kuyaondoa kila yanapojitokeza, kwa muda wa miaka miwili hivi, mpaka mti mpya uanze kuzaa. Hiyo kazi huwezi kumwachia mtu asiyejua. Akikosea, umepoteza mti. Wakulima wazuri hukata sehemu moja ya shamba kwa mwaka, sehemu nyingine ziendelee kuzaa. Yote haya yameandikwa kwenye kijitabu changu, na Jirani alikuwa akiyafanya kabla kijitabu hakijachapishwa.

Kwa hiyo alichomwambia mwanawe kilikuwa sahihi kabisa. Mwanawe alikwenda shambani, akaviona visiki, vyeupe, bado vinatoa maji. Akakubali. Angerudi vikishazaa.

Aliporudi, sehemu ya kwanza ilikuwa imeanza kuzaa, na sehemu ya pili ilikuwa visiki. Akakubali tena. Ikaja zamu ya sehemu ya tatu, kisha ya nne. Hapo mwenye hesabu angesema mzunguko umekwisha. Lakini watoto hawa hawakujua kahawa. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafukuza shambani wakasome, akisema jembe moja linatosha ukoo mzima. Baadaye aliwalaumu kwamba hawawezi kutofautisha mbuni mgonjwa na mzima, kisha akautumia ujinga huohuo kwa faida yake.

Mimi niligundua siku niliyomkuta anakata sehemu ya kwanza kwa mara ya pili.

"Mama, hizi si zilizaa vizuri msimu uliopita?"

"Zilizaa."

"Sasa mbona unazikata?"

"Zimezeeka."

"Zina miaka minne tangu uzikate."

"Kuna wanaozeeka haraka," alisema bila kuinua kichwa. "Jitazame wewe."

Nilisimama nikautazama msumeno ukipita kwenye mti uliojaa maua. Nilijua thamani ya mti ule. Yeye aliijua kuliko mimi. Alimaliza kukata, akapitisha kiganja juu ya kisiki, akafuta unga wa mbao kama mtu anayemfuta mtoto pua, akaenda mti wa pili.

Nilimuuliza mara moja tu kwa nini hataki kwenda, na alinijibu kwa kunisimulia siku nne alizokaa huko. Alikwenda kweli, mara moja, kusalimia. Siku ya kwanza alifagia ua wa mwanawe. Siku ya pili alifagia wa jirani wa kulia na wa kushoto, mpaka wakaja kuuliza kama kuna msiba. Siku ya tatu alikuwa hana pa kufagia, akatoka barabarani, kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka, foleni isiyo na mwisho. Akaanza kukagua kamba za maturubai.

"Hilo fundo lako halitafika popote," alimwambia dereva mmoja aliyekuwa amelala kwenye usukani.

"Bibi, nimefunga Dar, nimefika hapa salama."

"Umefika kwa huruma ya Mungu. Shuka."

Akashuka. Akafunga upya, Jirani akiwa amesimama chini anaelekeza. Mpaka jioni alikuwa amefungisha upya malori tisa, na dereva wa kumi alikuwa anamsubiri mwenyewe. Siku ya nne mwanawe alimrudisha nyumbani, kwa sababu watu walikuwa wamemwuliza kama mama yake ameajiriwa.

"Kule nina kila kitu," aliniambia, "isipokuwa kitu cha kufanya. Wananipenda, Mwalimu. Mkwe wangu ananiwekea mto mgongoni. Nikiegemea ule mto nasikia kama wananishusha polepole."

Nilielewa. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukanifanya mshirika.

Mwaka huu, kahawa ikiwa kwenye vichanja, aliteleza akiwa amebeba beseni la kahawa mbichi. Mkono wa kushoto ulivunjika juu kidogo ya kifundo. Ulifungwa hogo, ile plasta nyeupe ngumu, na siku ya pili tayari ilikuwa na rangi ya udongo. Jumamosi iliyofuata mwanawe alifika na mke wake, gari likiwa tupu nyuma, viti vimekunjwa ili mizigo ienee. Nikaitwa.

Nilipoingia, Jirani alikuwa amekaa mkekani, mkono umening'inia kwenye kanga. Mwanawe alisimama kunisalimia. Ni mtu mkubwa, wa sauti, lakini shikamoo yake huwa ni ya kweli.

"Baba mdogo, nimekuita kwa sababu wewe unasoma na husemi uongo," alisema. "Mama yuko hivi unavyomwona. Nimesema twende leo. Ananiambia sehemu ya pili ina machipukizi, hawezi kuyaacha. Nimechoka na machipukizi. Nataka uniambie wewe. Hii kahawa inakatwa kila mwaka. Ni lazima?"

"Kahawa hukatwa," nilisema. "Hilo ni sahihi."

"Sijauliza hilo. Ya mama. Yote iliyokatwa, ilihitaji kukatwa?"

Jirani alikuwa ananitazama. Hakukonyeza, hakutikisa kichwa. Alikuwa ananitazama kama alivyowatazama wale wanawake wa Zambia wakishauriana. Nilifikiri jibu lenye sehemu mbili, lenye masharti na maelezo. Nilikuwa nalo karibu tayari. Halafu nikamwona kijana yule ameshika funguo za gari kwa mikono miwili, nikajua hawezi kusikia sehemu mbili.

"Hapana," nilisema. "Sehemu ya kwanza haikuhitaji kurudiwa. Ya pili pia haikuhitaji."

"Mwalimu!" Jirani alisema, kama mtu aliyeng'atwa na mbuzi wake mwenyewe.

Mkwewe, ambaye mpaka hapo alikuwa anakunja nguo za mama mkwe wake na kuziweka kwenye begi, akaanza kucheka. Alijaribu kuziba mdomo kwa gauni alilokuwa ameshika.

"Na wewe unacheka nini?" mumewe akauliza.

"Baba yangu ana kahawa Nanyala. Nimekulia kwenye visiki. Mimi nilijua mwaka uleule alipoikata tena sehemu ya kwanza, miti ikiwa na maua."

"Ulijua? Na hukuniambia?"

"Hukuniuliza, baba watoto. Ulikuwa unaniuliza rangi ya kupaka chumba."

Jirani alimgeukia mkwewe taratibu, akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama mtu aliyepewa mtu mpya. Nadhani siku hiyo ndipo alipompenda. Lakini hakuwa amekata tamaa.

"Kuna kuku," alisema. "Ametamia. Mayai kumi na moja. Hawezi kuachwa."

"Tutambeba na mayai yake," mwanawe alisema.

"Atayakataa."

"Mama."

"Na Alhamisi kuna kikao cha akina mama, mimi ndiye…"

"Mama!"

Nje kuku yule, ambaye kwa hakika alikuwepo, alilia mara moja. Jirani alitazama mkono wake, akautazama mlango, akatazama begi lililokwisha kujaa nusu. Alikuwa amebaki bila kitu, na nilimwona anatafuta. Nami nilikuwa nimemnyang'anya cha mwisho.

"Sitaki," alisema.

"Hutaki nini?"

"Kwenda. Chumba ni kizuri. Nyie ni watoto wazuri. Sitaki kwenda."

Alilisema polepole, kwa mshangao, kama mtu anayeonja chakula cha wageni. Mwanawe alikaa.

"Miaka sita, mama. Umeua miti kwa miaka sita. Kwa nini hukusema hivyo siku ya kwanza?"

"Ningesema sitaki, ungelia. Wewe ni mtu wa kulia tangu mdogo. Kahawa ikikatwa hulii."

Yule mtu mkubwa akafungua mdomo kukanusha, na machozi yakamtoka hapohapo, mbele ya mke wake na mbele yangu. Jirani alinitazama kama kuniambia: umeona?

"Baba alifariki mimi niko kwenye foleni pale mpakani," alisema mwanawe, akijifuta kwa kiganja. "Nilipigiwa simu na mtu ambaye hata simjui. Sitaki kupigiwa simu ya namna ile tena. Ni hilo tu. Si kwamba nakuona huwezi."

Jirani alijivuta kwenye mkeka mpaka akafika miguuni pake. Hakumbembeleza. Alimshika kifundo cha mguu kwa mkono wake mzima, kama anavyoshika kisiki kabla ya kukichagulia machipukizi.

"Utapigiwa, mwanangu," alisema. "Hata nikifia kwenye chumba chako cha vigae, wewe utakuwa dukani, utapigiwa. Wacha basi unipigie wewe kabla. Hiyo ndiyo ninayoitaka, hiyo nyingine hakuna anayeipanga."

Kisha mkwewe alilifungua begi na kuanza kutoa nguo, moja moja, na kuzirudisha kabatini zikiwa zimekunjwa vizuri kuliko zilivyokuwa. Alisema mdogo wake wa kike yuko nyumbani Nanyala, hana kazi, kahawa anaijua, atakuja kukaa hapa mpaka mkono upone na baada ya hapo kama wataelewana. Halafu akamwambia mumewe awashe gari, kabla mama hajakumbuka maharage. Alikuwa amechelewa. Maharage yalikuwa yameshakumbukwa.

Kwangu mimi Jirani hakusema kitu wiki tatu nzima. Tukikutana njiani aliisalimia miti iliyo nyuma yangu. Nilistahili. Wiki ya nne alimtuma yule binti wa Nanyala aniletee mkungu wa ndizi na ujumbe kwamba zimezidi kwake, nisidhani ni zawadi.

Ila kuna jambo lililofuata ambalo hakuna aliyelitarajia, na kijiji kinaniona mimi ndiye mwenye kosa. Jirani aligundua kwamba lile neno linafanya kazi. Kwa miaka sabini alikuwa amelizunguka, kwa kisiki, kwa kuku, kwa jua kali na mvua kubwa, kumbe lilikuwa hapo lote, fupi, tayari. Akaanza kulitumia. Mchungaji alimwomba aendelee kuongoza kikundi cha akina mama kwa kipindi kingine, alisema sitaki. Mchungaji akasubiri sababu. Hakukuwa na sababu. Bwana shamba alimwomba shamba lake liwe la mfano, watu waje kujifunza namna ya kukata kahawa. Alisema hilo hasa ndilo asilolitaka. Wajumbe wa harusi walifika na daftari lao, wakaondoka nalo kama lilivyokuja. Mimi nilikwenda kuazima bomba la kunyunyizia dawa, ambalo nimeliazima kila msimu kwa miaka ishirini. "Sitaki," alisema, kwa furaha kubwa, kisha akaniletea bomba lenyewe, akasema alitaka tu kusikia neno lile linavyotoka.

Juzi nilipita kwake asubuhi kumwambia kwamba gari la chama cha ushirika litapitia kahawa Alhamisi. Nilimkuta kwenye kichanja, hogo limetolewa, mkono wa kushoto umekuwa mwembamba kuliko wa kulia, lakini unageuza kahawa. Yule binti wa Nanyala alikuwa upande wa pili, wakishindana bila kusema. Sehemu zote nne zilikuwa zimepaliliwa. Nilifikisha ujumbe wangu, nikageuka niondoke, kwa sababu nilikuwa na mahindi ya kupukuchua na jua lilikuwa limeshapanda.

"Kaa kwanza," Jirani alisema. "Kuna chai."

Sijui kilichoniingia. Labda ni kulisikia mara nyingi. Nilijiweka sawa, nikamtazama usoni, nikasema, "Sitaki."

Binti wa Nanyala aliacha kugeuza. Jirani aliegemea ukingo wa kichanja, akanikagua kwa muda mrefu, kwa subira, kama anavyokagua kahawa iliyochumwa na mtu mwingine.

"Mwalimu," alisema, "hilo nimelitafuta miaka sabini na nimelilipia kwa sehemu mbili za kahawa. Kaa chini. Tafuta la kwako."

Akanimiminia chai.